Kaka Yangu na Aina Tano za Wapumbavu

Kaka yangu hakuzaliwa mpumbavu. Alijifunza, tena kwa bidii, jioni baada ya jioni, kalamu ikiwa sikioni na unga ukiwa kwenye nyusi.

Alikuwa mwoka mikate, kama baba yetu kabla yake. Tangu utotoni watu walimwita Hamira, kwa sababu ukimpa joto kidogo tu la sifa, anaumuka. Kwa upande wa mkate sina la kumlaumu. Aliujua unga kwa kiganja, siku za mvua akaupunguzia maji bila kupima, na mikate yake ilitoka tanurini na rangi ambayo wanawake wa mtaa wetu waliitafuta kwa mafuta ya bei ghali. Lakini moyo wake haukuwa kwenye tanuri. Ulikuwa mimbarini. Alitaka kuhubiri, na aliamini kwamba Mungu alimpa sauti ile nene kwa kazi kubwa zaidi ya kumfokea paka aliyelala juu ya magunia.

Tanuri letu lilikuwa la matofali, kubwa kiasi kwamba mtu angeweza kulaza kitanda ndani, na lilikula kuni bila huruma. Nyuma yake kulikuwa na ukuta, na upande wa pili wa ukuta ilikuwa karakana ya seremala, na nyumba yake humo humo. Zamani baba yetu na baba yake seremala walitoboa tundu kwenye ukuta huo, pana kiasi cha kupitisha gunia. Jioni, maranda na vipande vya mbao vilipita kuja kwetu. Asubuhi, mkate wa moto ulipita kwenda kwao. Hakuna aliyeandika mkataba, hakuna aliyepima. Wazee wakafa, seremala akarithi randa, kaka akarithi koleo refu la kutolea mikate, na tundu wakalirithi wote wawili. Mimi nilikuwa nakanda unga. Wifi yangu, mke wa kaka, alikuwa anauza dukani mbele. Kuni za kununua zingemeza faida yote na sisi wenyewe juu yake, kwa hiyo sote watatu tulikuwa tunakula kupitia tundu lile. Naomba ulikumbuke hilo, maana kaka yangu alilisahau.

Kanisa letu likaanzisha darasa la jioni kwa watu wanaotaka kuhubiri. Mwalimu alikuwa mzee mmoja mstaafu aliyesoma Kiebrania hadi macho yakamchoka. Siku moja akawaeleza wanafunzi kwamba pale maandiko yetu yanaposema mjinga au mpumbavu, basi, lugha ya mwanzo ilikuwa na maneno kadhaa, na kila neno lina mtu wake. Mzee wa watu alidhani anawapa taa ya kumulika njia. Kaka yangu alipewa taa, akaanza kuwamulika watu machoni.

Usiku ule alikuja mezani hata mikono hajanawa.

"Wako wa aina tano," alisema. "Wa kwanza ni peti. Neno lenyewe linatokana na kufungua. Ni mtu aliye wazi kama mlango usio na komeo, kila kinachosemwa kinaingia. Huyu ana nafuu, akifundishwa anafundishika. Wa pili ni kesili, mzito, ameridhika na nafsi yake. Anaurudia upumbavu wake kama mbwa anavyorudia matapishi."

"Tunakula," wifi alimkumbusha.

"Wa tatu ni ewili. Haonyeki. Mtie kwenye kinu, mtwange kwa mchi, upumbavu haumtoki. Wa nne ni letsi, mtu wa dhihaka, kazi yake kuwacheka wenzake."

"Na wa tano?" niliuliza.

Kaka akapunguza sauti, kama anamtaja mwenye nyumba. "Nabali. Huyu tatizo lake si akili, ni moyo. Moyo umefungwa. Mwenye njaa akija anaondoka na njaa yake. Lakini ni nadra sana. Mimi binafsi sijawahi kumwona."

Nyani haoni kundule. Maneno hayo nayaandika kama yalivyotoka mdomoni mwake, na mwalimu akiyasoma anisamehe matamshi.

Kuanzia kesho yake hakuna mtu aliyeingia dukani akatoka bila kupimwa. Mama aliyeuliza kama mkate ni wa leo, akaambiwa ni wa leo, akaamini, huyo peti. Dereva aliyetuletea unga, ambaye kila mara alirudisha gari nyuma hadi likagonga nguzo ileile, huyo kesili. Mimi nilikuwa ewili. Nilibisha, na kaka akasema kubisha ndiyo dalili yenyewe.

"Na mimi?" wifi alimuuliza.

"Wewe bado nakuchunguza."

"Chunguza taratibu, usije ukaumiza macho."

Jambo hilo lingeishia mdomoni lisingekuwa na madhara. Lakini mkate, kabla haujaingia tanurini, hukatwa juu kwa kisu chembamba ili upasuke vizuri kwenye joto. Miaka yote kaka aliukata vivi hivi, mkono ukienda wenyewe. Sasa akaanza kukata kwa elimu. Mkato mmoja ulikuwa wa peti. Miwili ya kesili, mitatu ya ewili, na alama ya msalaba ya letsi. Wateja wetu wa kudumu tuliwawekea mikate yao kwenye rafu, kwa hiyo kila mmoja alibeba hukumu yake kwapani, akaenda kuila na watoto wake. Kaka alisimama mlangoni akiwaangalia wanavyokwenda, ametulia, anatabasamu. Nilimwambia kwamba mtu wa dhihaka anamfahamu vizuri, basi na mkate wake mwenyewe aukate msalaba. Akaniongezea mkato wa nne, ambao hata haukuwa na maana.

Seremala alikuwa peti. Kaka hakusita hata kidogo. Seremala alikuwa mtu wa kuazima watu vitu. Aliwahi kumwazima mgeni asiyemjua msumeno wake wa umeme, eti kwa sababu mgeni alisema paa la mama yake limeanguka. Msumeno ulirudi baada ya wiki, tena umenolewa. Kaka akasema hilo halibadilishi kitu, peti mwenye bahati bado ni peti.

Ndipo mama yake seremala akafariki.

Yule mama kwetu hakuwa jirani tu. Mama yetu alipolala kitandani mwaka ule ambao hakuinuka tena, ni yeye aliyekuwa akitupitishia sahani za chakula kwenye tundu la ukuta, mimi na kaka, tena sahani ya kaka ikiwa imejaa zaidi. Nililia nikiwa nakanda, na unga ule ilibidi niupunguzie chumvi. Kaka alisema, "Masikini, alikuwa mama mzuri," na akarudi kwenye mahubiri yake. Darasa lilikuwa linafika mwisho, na kila mwanafunzi alipewa sura moja ya kuhubiri kanisani. Yeye aliangukiwa na zamu ya Jumapili ile, na sura ya yule tajiri wa kondoo ambaye jina lake lenyewe ni Nabali. Kaka alisema huo ulikuwa mkono wa Mungu. Mimi nakubali.

Jioni seremala alikuja mwenyewe, kwa mlango wa mbele, macho mekundu.

"Hamira, ndugu yangu, watu ni wengi kule nyumbani. Naomba mikate ya kesho na keshokutwa, kadiri utakavyoweza."

"Umealika wangapi?" kaka aliuliza bila kuinua kichwa kwenye karatasi zake.

"Msibani watu hawaalikwi."

"Ndicho ninachokisema siku zote. Mlango wazi. Kila mpita njia anaingia, anakula, anafuta mdomo, anaondoka. Nikikupa nitakuwa nakudekeza. Wako wa kila siku utaupata kama kawaida."

Seremala akasema haya, akaondoka. Wifi aliliweka chini sinia alilokuwa ameshika, akamsindikiza hadi mlangoni. Nilimwambia kaka kwamba yule mama alimlisha. Akanijibu kwamba kulishwa utotoni si hoja, na kwamba ewili kila kitu anakigeuza kuwa ugomvi.

Asubuhi mkate wa kila siku ukapita tunduni, na mkato wake mmoja juu. Baada ya muda kichwa cha seremala kikatokea.

"Jirani, nauliza tu. Watu kule ndani wamekaa wanaangalia mkate. Wangu una mkato mmoja, wa dereva wa unga huwa na miwili. Kuna tofauti gani?"

Nilimtikisia kaka kichwa. Nilitikisa hadi kilemba kikanilegea. Lakini mtu aliyejifunza jambo jana hawezi kulilaza na njaa leo. Kaka akaeleza. Akaeleza vizuri, kwa upole, kuanzia kufungua, mlango na komeo, akapita kwenye msumeno wa umeme, akafika hadi kwenye msiba.

"Wala si tusi," alimalizia. "Peti ndiye mwenye nafuu kuliko wote."

"Asante kwa kunifundisha," seremala alisema.

Kisha tukasikia nyundo. Alikuwa anaziba tundu kwa mbao, na alikuwa seremala mzuri, haikubaki hata nafasi ya kupitisha ukucha.

Mchana ule tulimaliza maranda ya mwisho. Kesho yake tulinunua kuni, na jioni wifi aliangalia kilichobaki kwenye kopo la mauzo, akalifunika. Alisema kwa namna hiyo mwezi hautaisha kabla hatujafunga mlango. Alisema pia, bila kupandisha sauti, kwamba kaka aende kwa seremala akaombe radhi. Kaka alijibu kwamba mwenye kosa ni aliyeziba ukuta, na kwamba seremala ameshatoka kwenye peti amehamia kwenye ewili, atakuwa anapata mikato mitatu. Wifi akamuuliza hiyo mikato mitatu ataipigia kwenye mkate upi, na upitie wapi.

Jumamosi kaka alikwenda kwa mwalimu kufanya mazoezi ya sauti. Alipokata kona tu, wifi alifunga duka, akaja nyuma nilipokuwa nimekaa bila kazi.

"Wifi, kanda unga wote," aliniambia.

"Tutauchoma na nini?"

Alikwenda chumbani, akatoa nguo zake zote kabatini, akazilaza juu ya kiti. Lile kabati la mninga alikuja nalo siku aliyoolewa, na lilikuwa kitu pekee ndani ya nyumba ile kilichokuwa chake. Akalipiga shoka. Nilitaka kumzuia, lakini uso wake haukuwa wa kuzuiliwa, basi nikafunga kanga kiunoni nikaenda kukanda. Lile kabati liliwaka vizuri sana. Mikate ilipokuwa tayari kuingia nilichukua kisu nikate juu, akanishika mkono.

"Hakuna kukata."

Mkate usiokatwa hupasuka unapotaka wenyewe. Ile yetu ilitoka imepasukia ubavuni, mingine imepinda midomo kama mtu aliyeng'olewa jino. Tukaibeba hivyo hivyo kwenye masinia, tukazunguka kwa barabarani, tukaingia nyumba ya msiba kwa mlango wa watu.

Wifi aliweka sinia chini mbele ya seremala. Hakumsingizia mtu wala hakumtetea mumewe.

"Shemeji, tumechelewa," alisema. "Kosa liwe langu. Watu na wale."

Seremala aliangalia mikate ile yenye sura mbaya, akageuza mmoja juu chini, akautafuta mkato, hakuuona.

"Mimi sikuukasirikia mkate, shemeji," alisema. "Nilikikasirikia kisu." Akasema kwamba nyumba yetu imewalisha wazee wake na yeye mwenyewe, na asingependa kuizimia moto katika wiki aliyomzika mama. Tundu angelifungua. Alitaka jambo moja tu, asisikie tena hadithi ya milango na makomeo.

Jioni mbao zikang'olewa. Gunia la maranda likaanguka kwetu, vumbi likajaa. Kaka alirudi, akaliona, na furaha ikampanda hadi akasahau kuvua viatu.

"Mnaona? Neno limemwingia. Nilisema peti anafundishika." Kisha akaona zile nguo juu ya kiti. "Kabati liko wapi?"

"Limekwenda kwa seremala," wifi alisema.

"Vizuri, mlango wake ulikuwa unalegea."

Usiku ule alitusomea mahubiri yake yote. Yalikuwa mazuri, siwezi kumnyima haki. Lakini mwishoni, kama mtu anayemwagia sukari, aliweka mfano hai: kuhusu peti mmoja wa mtaani, fundi wa mbao, aliyefunga ukuta kwa hasira kisha akafundishwa na mwoka mikate mmoja, akafungua.

"Hilo usiliseme," wifi alimwambia.

"Kwa nini?"

"Seremala atakuwepo."

"Ndiyo vizuri. Atasikia jinsi alivyopiga hatua."

Nilimvuta wifi pembeni nikamwuliza kwa nini hamwambii ukweli, maana yale maneno yakitamkwa kanisani ukuta ungezibwa na usingefunguliwa hadi kiama, na sisi na tanuri letu tungebaki majivu. Alisema akimwambia usiku ule atabishana hadi alfajiri, na asubuhi atahubiri vilevile. "Mwache asome," alisema. "Sura yenyewe ndefu." Sikulala. Nilimsikia na yeye halali.

Kanisa lilijaa. Seremala alikaa katikati na ndugu zake, na nyuma yao walikaa majirani waliokuwa wakishinda msibani. Mwalimu alikaa benchi la mbele, mikono juu ya fimbo. Kaka alipanda, koti limemkaa vizuri, akafungua Biblia, akaanza kusoma kwa sauti ile ya tanuri.

Alisoma habari za yule tajiri aliyekuwa akikata manyoya ya kondoo. Alisoma jinsi kijana mmoja, ambaye alikuwa bado hajawa mfalme, alivyotuma watu kumwomba chakula kwa unyenyekevu, na jinsi tajiri alivyowajibu kwamba hawezi kuchukua mkate wake akawapa watu asiojua wametoka wapi. Hapo sauti yake ilikuwa bado imesimama. Akaendelea hadi pale mtumishi mmoja anapomwambia mke wa tajiri kwamba wale watu walikuwa ni ukuta kwao, usiku na mchana. Kidole chake kikasimama juu ya karatasi. Kikangoja. Kikaendelea, lakini sauti ilikuwa imepungua maji.

Akasoma kwamba yule mke alifanya haraka, akachukua mikate, akaipakia juu ya punda, wala hakumwambia mumewe.

Hakuna aliyecheka. Ingekuwa heri wangecheka. Benchi zote za watu wa msibani ziligeuka taratibu, wakamtazama wifi yangu, wale waliokula mikate yenye midomo iliyopinda. Na kaka, aliyekuwa juu pale na kuwaona wote, akafuata macho yao hadi yakamfikisha kwa mkewe.

Mtoto mmoja akauliza kama imeisha.

"Mke wangu," kaka alisema, na sasa haikuwa sauti ya kuhubiri. "Ulipeleka?"

Wifi alisimama, maana ameulizwa kanisani. "Nilipeleka."

"Mingapi?"

"Yote."

"Uliichoma na nini? Hatukuwa na kuni."

Wifi aliangalia mikono yake. Nikaona kaka yangu analitafuta jibu mwenyewe, akaliona kabati, akaona nguo juu ya kiti, na ule uso uliozoea kuumuka ukashuka wote kwa mara moja. Nimemcheka maisha yangu yote, lakini pale nilitamani nipande nikamshike mkono. Aliikunja karatasi ya mahubiri, ile yenye mfano hai mwishoni, akaitia mfukoni. Akateremka, akakaa kwenye benchi la nyuma kabisa karibu na mlango, pale wanapokaa wenye watoto wanaolia.

Baada ya ibada mwalimu alimfuata nje, akamwambia kwamba hawezi kumpa cheti, kwa kuwa mahubiri hakuyamaliza. Sheria za darasa ni sheria.

"Kuna neno moja la upumbavu sikuwafundisha," mzee aliongeza. "Wafalme wawili walilitumia kukiri kwamba wametenda kipumbavu, na kila mmoja alikuwa akijisema mwenyewe. Huwa nawapa wanafunzi yale mengine kwanza. Hili hawalipendi, hawapati mtu mwingine wa kumbandika."

Kaka hakuuliza linaandikwaje. Alivuka barabara akiwa na koti lake la mimbarini, mikono mitupu, akasimama kwenye mlango wa nyumba ya msiba ambayo kwa siku zote zile hakuwahi kuikanyaga. Mimi na wifi tulikuwa nyuma yake. Seremala alikuwa amekaa kwenye mkeka na wenzake. Walimwona, wakainua vichwa.

"Pole, ndugu yangu," kaka alisema. "Mama yako alinilisha. Nimechelewa."

"Umechelewa," seremala alimjibu, na akasogea ili kaka apate mahali pa kukaa.